Siku ya dawa iwe ndiyo siku ya kinywa

Assalam alaykum. Mlionisikia mara nyingine mtanivumilia, nalirudia lile lile kwa kuwa halijafanywa: anayeishi na VVU akija CTC, kliniki ya matunzo na tiba, kuchukua dawa, kinywa chake kiangaliwe siku hiyo hiyo. Asiambiwe arudi wiki ijayo kitengo cha meno. Mtu wa visiwa vidogo vya Pemba, Kojani au Kisiwa Panza, ameshalipia boti na daladala. Nauli ya pili hana, na akiipata itanunua mchele. Basi haji mpaka jino limeoza hadi mzizi, tunaling'oa, halafu tunaandika "mgonjwa alichelewa". Alichelewa, au tulimchelewesha?

Mtaniambia nesi wa CTC kazi zimemzidi. Ni kweli. Lakini kila ziara anauliza kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Kinywa kinaongeza dakika mbili, kwa tochi, glavu, shashi na kibao cha kukandamizia ulimi. Meno ya bandia yavuliwe kwanza. Chini yake ndiko fangasi wanakojificha. Aanze na midomo, mashavu kwa ndani, kaakaa, ulimi juu na kando zake, chini ya ulimi, amalizie fizi. Utando mweupe aufute kwa shashi. Ukitoka ukaacha wekundu, yaelekea ni fangasi. Ule wa kando ya ulimi usiofutika ni jambo jingine, amwite daktari. Baka la zambarau kwenye kaakaa lichunguzwe haraka, huenda ni saratani ya Kaposi. Na fangasi wakimtokea aliyekwisha zoea ARV, msitibu utando tu mkaridhika: pimeni wingi wa virusi.

Tukae kidogo kwenye nistatini, dawa ya maji ya fangasi wa kinywa, maana hapa tunaharibu kila siku. Mgonjwa anapewa chupa, anaimeza kama dawa ya kikohozi, anarudi na utando wake, tunasema dawa haifai. Nistatini haifyonzwi tumboni, inatibu pale inapogusa. Mililita 4 hadi 6, mara 4 kwa siku, aisukutue na kuishikilia mdomoni kadiri awezavyo ndiyo ameze, siku 7 hadi 14, na asile wala kunywa mara baada yake. Nyingi zina sukari, kwa hiyo meno yapigwe mswaki kwa dawa yenye floraidi, si kwa maji matupu.

Halafu inakuja Ramadhani. Mara 4 kwa siku, kwa mtu aliyefunga? Ataibana yote kati ya futari na daku, au ataiacha na hatakwambia. Huyo mpe flukonazo, dawa ya fangasi ya kumeza, miligramu 100 mara moja kwa siku, aimeze akifuturu. Kabla ya hapo muulize kama ana mimba na anatumia dawa gani nyingine. Anayeumwa akimeza chakula, fangasi huenda wameshuka kooni: nistatini haimtoshi, anahitaji flukonazo kwa wiki 2 hadi 3, kwa kipimo cha daktari.

Mwingine atasema kituo chake hakina mashine ya meno wala umeme wa uhakika. Kuziba jino kwa vyombo vya mkono na saruji ya glasi ayonoma kulianzia hapa hapa Tanzania miaka ya 1980, haihitaji mashine! Na silva daiamini floraidi ya asilimia 38, dawa ya maji ya kupaka kwenye jino, husimamisha kuoza kwa tone dogo tu. Zote mbili zimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2021. Mwambieni mgonjwa mapema kuwa shimo lililopakwa silva litageuka jeusi, na mlinde kanzu yake, doa halitoki. Jino linalomwamsha usiku kwa maumivu msilipake silva, limeshapita hapo.

Vyombo. Bado kuna wanaotaka seti ya peke yake kwa "wale", yaani wenye VVU. Hapana. Kila mgonjwa ni sawa: osha, kausha, funga, kisha mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30, na saa ihesabiwe joto likishafika, si swichi ikiwashwa. Ukichomwa na sindano, dawa za kinga dhidi ya VVU zianze ndani ya saa 72, bora saa za mwanzo, kwa siku 28. Na chanjo ya homa ya ini B umepata? Hiyo huambukiza kwa sindano zaidi kuliko VVU.

Meno ya bandia na nani ayalipie sijayagusa, na adhuhuri imeshaingia. Tukitoka msikitini ulizeni, ila si habari ya seti ya peke yake.