Kuifanya Redio ya Vita Iseme Tena

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya vijana wa ufundi na wazee wao

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa hapa mbele, hamjambo? Asanteni kwa kunipokea. Nimetoka Nakuru alfajiri na mzigo huu mnaouona mezani. Makanga wa matatu aliniuliza kama ni injini ya mashua, nikamwambia hapana, ni simu ya upepo ya kifaru. Nikaulipia kiti chake.

Hii ni Wireless Set No. 19. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1940, na kampuni ya Pye ya Cambridge ilikuwa na mkono katika kazi hiyo. Sanduku ni moja lakini ndani mna redio mbili, pamoja na kifaa cha wanajeshi wa ndani ya kifaru kusemezana wao kwa wao huku injini ikinguruma. Redio ya kwanza, inayoitwa A, hufanya kazi kati ya megahezi 2 na 8, nayo ndiyo ya masafa marefu. Ya pili, B, iko karibu na megahezi 235, na ilikusudiwa kifaru kisikilizane na kifaru jirani tu. Sogeeni mtazame maandishi ya usoni: Kiingereza, halafu Kirusi. Mtambo huu ulitengenezwa Kanada, na mingi ya aina yake ilipelekwa kwa Wasovieti waliokuwa wakipigana na Wajerumani. Sasa uko Kisumu.

Nimekuja kusema jambo moja. Redio ya namna hii ikikaa rafuni, hata ikipanguswa kila Jumamosi, umehifadhi chuma. Redio ni kazi yake. Ukitaka kuihifadhi, ifanye isikie na isikike.

Mimi nililipata hili kwa baba mkubwa wangu, aliyekuwa mpiga simu jeshini wakati wa vita vya Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, masika yakiwa yamepamba moto, matope hadi magotini. Unyevu na ukungu wa kuota viliziharibu redio kwa ndani kabla risasi hazijazigusa. Baba mkubwa hakuwa msemaji wa mambo ya vita. Lakini jioni, akingoja ugali, kidole chake kiligonga kikombe cha bati: gonga fupi, ndefu, fupi. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Miaka mingi baadaye, nilipojifunza Morse, herufi zinazoandikwa kwa milio mifupi na mirefu, ndipo nikagundua kwamba mzee alikuwa akiandika. Alikuwa amekwisha kufariki. Sitajua aliandika nini, na jambo hilo bado linaniuma.

Basi nikaanza kununua. Mtambo wangu wa kwanza niliupata kwa muuza vyuma chakavu, akaniapia kwamba ni mzima. Kwa pupa niliuunganisha na umeme siku hiyo hiyo. Ndani yake mlikuwa na kapasita, yaani vihifadhi umeme, za karatasi na nta, na karatasi ya miaka ile huanza kuvujisha umeme. Volti kubwa zikapenya hadi kwenye gridi, wavu wa waya unaoiongoza valvu ya sauti, ile chupa ya kioo inayokuza sauti; valvu ikavuta umeme kupita kiasi, bati lake la ndani likawa jekundu kama kaa la jiko, na transfoma ya spika ikaungua. Harufu ile ya nta na vanishi haijanitoka puani. Aliyeniokoa ni fundi wa kusuka mota pale Nakuru. Aliifungua transfoma, akahesabu mizunguko ya waya mmoja mmoja akiandika kwa chaki ukutani, kisha akaisuka upya. Siku tatu.

Kwa hiyo, vijana, usiwashe kitu ambacho hujakipima. Badilisha kapasita za karatasi kwanza. Mimi hulitoboa ganda la zamani, nikatoa nta, nikaweka kapasita mpya ndogo humo humo, nikaziba. Kwa jicho ni ile ile ya vita. Rangi siigusi kamwe. Mkwaruzo wa buti na namba zilizochapwa kwa stensili ni sehemu ya mtambo, na anayezifuta kwa rangi mpya ya dukani anafuta historia. Na jambo la uhai wenu: kisanduku hiki cha pili hupokea volti 12 za betri ya gari na kutoa 265 na 500. Volti 500 haziombi radhi. Zima, chomoa, subiri, toa umeme uliobaki kwenye kapasita kwa rezista, kipande kinachoupunguza kasi umeme, na mkono mmoja ukae mfukoni.

Sasa niwaeleze la Kisumu na Nakuru, maana hili ndilo lililonifunza mengi. Kati yetu mna kama kilomita 145 za hewani, na katikati kuna milima ya Tinderet na Mau. Nilijiambia, nikipanda mlima Menengai pale Nakuru nitasikika. Nikapanda na rafiki zangu, tukabeba betri, tukasimamisha fimbo ya antena ukingoni mwa kreta. Mwenzangu huku Kisumu hakusikia kitu. Wimbi la fimbo hutambaa chini, na milima hulila.

Juma lililofuata nikatandaza waya nyumbani, mita 10 kila upande, juu ya nguzo za ua, kimo cha mita 3 tu. Majirani walidhani ni kamba ya nguo. Waya ulio chini hivyo hurusha mawimbi karibu wima, yakafika kwenye ionosfia, tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi ya redio, yakarudi kama mvua, upande huu na upande ule wa mlima. Saa nane mchana, megahezi 7.1, nikabonyeza ufunguo wa Morse. Mwenzangu akajibu kabla sijamaliza kumeza mate.

Kwa sauti tulisikilizana kwa shida. Mtambo huu husema kwa AM, namna ya zamani ya kubebesha wimbi sauti, na wengi leo wanatumia SSB, namna nyingine, hivyo ilibidi mwenzangu aubadilishe mtambo wake upokee AM. Morse ilipenya tu. Usiku masafa hayo mara nyingi hayarudi kwa umbali mfupi hivi, ndipo tunashuka hadi megahezi 3.5.

Kuhusu sheria nitasema machache lakini mnisikie. Kusikiliza redio za ridhaa, yaani za watu binafsi wanaowasiliana kwa kupenda tu, ni kitu kimoja, kurusha ni kingine. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na alama za wito za hapa kwetu zinaanza na 5Z4. Masafa ya jeshi, polisi na ndege hayaguswi, hata kama mtambo wako unayafikia.

Saa tisa kasoro dakika tano. Waya nimeufunga tangu asubuhi kati ya mwembe na paa la ukumbi, na Nakuru wanatungoja. Nawasha. Mlio huo unaopanda kama kinu cha posho kikianza ni dainamota, mashine inayopandisha volti za betri. Valvu zinahitaji kupata joto, tusubiri. Hapa nazungusha variometa, koili ya kuulinganisha waya wa antena na mtambo, polepole hadi sindano ipande... imepanda. Wewe binti mwenye daftari, njoo mwanangu, vaa hizi hedifoni. Ufunguo nitabonyeza mimi mwenye leseni. Wewe sikiliza, na ukisikia fupi au ndefu, gonga meza ili na wazee wasikie.