Kitabu cha Kwanza cha Kupaka Rangi: Tazama Mkono wa Mtoto, Si Jalada

BABA JABU: Karibuni tena wasikilizaji wetu wa Kigoma: Mwanga, Ujiji, Kibirizi, na nyie wa Kasulu mnaotusikiliza huku mnapalilia. Mimi ni Baba Jabu, muuza madaftari na mtoa kopi, na mwenzangu kama kawaida ni Mwalimu wetu wa chekechea. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, Baba Jabu. Za dukani?

BABA JABU: Dukani salama, tunasogea. Na leo mada imetoka dukani hasa. Anaingia mzazi, anasema, "Nipe kitabu cha kupaka rangi, mtoto ana mwaka na nusu." Namtolea vitano vitano juu ya kaunta. Anaangalia majalada, anachukua chenye rangi kali kuliko vyote, analipa. Wiki haijaisha anapita tena, "Baba Jabu, kile kitabu mtoto hakitaki."

MWALIMU: Hakitaki, au amekichana?

BABA JABU: Vyote viwili! Sasa niambie, kosa la mtoto au la kitabu?

MWALIMU: La aliyechagua kwa jalada. Mtoto haendi kupaka rangi jalada. Ukitaka kumchagulia mtoto wa umri huo, usianze na picha, anza na mkono wake. Anashikaje kreyoni?

BABA JABU: Wa kwangu anaikamata na ngumi.

MWALIMU: Anaikamata kama mchi, na ndivyo inavyotakiwa. Mwaka na nusu, miaka miwili, vidole bado havijaingia kazini. Nguvu inatoka begani, mkono mzima unakwenda na kurudi. Akikaribia miaka mitatu utaona vidole vinaanza kujipanga. Ule mshiko wa vidole vitatu, ambao sisi tunahangaika nao darasani, kwa wengi unakaa sawa kwenye minne, mitano. Sasa mtu anayechora kwa bega unampa ukurasa una kasri, binti mfalme, taji, mkufu, na maua kila kona. Visehemu vyenyewe ni vidogo kuliko ncha ya kreyoni! Akipitisha mkono mara moja kafuta kasri lote, na mama yuko pembeni, "Siyo hivyo, siyo hivyo, umetoka nje."

BABA JABU: Ila Mwalimu, hicho cha binti mfalme ndicho kinachouzika kuliko vyote.

MWALIMU: Kiuze kwa wa darasa la kwanza.

BABA JABU: (anacheka) Haya. Kwa hiyo kwa huyu wa bega?

MWALIMU: Picha moja ukurasa mzima. Mpira. Embe. Kuku, lakini kuku asiyechorwa unyoya mmoja mmoja. Mistari iwe minene, upana wa kidole chake kabisa, ili aione picha inaanzia wapi na kuishia wapi. Na nikisema aione, simaanishi abaki ndani yake. Wa miaka miwili akikuvutia mstari mmoja wa kushuka, kafanya kazi. Duara lililofunga vizuri lisubiri kwenye mitatu. Kubaki ndani ya mstari ni habari ya minne na kuendelea, na wengine zaidi, wala hawana tatizo lolote.

BABA JABU: Ngoja niingie kwenye eneo langu sasa, karatasi. Hapa wazazi wanapigwa sana. Kitabu kina kurasa nyingi, bei nzuri, mzazi anaona kapata. Kichukue kile kitabu, inua ukurasa mmoja kwenye mwanga wa mlangoni. Ukiiona picha ya upande wa pili imejitokeza, kirudishe. Karatasi nyepesi hiyo. Mtoto wa ngumi akibonyeza mara mbili imetoboka, na rangi imetokea upande wa pili juu ya picha nyingine. Rimu ya kutolea kopi imeandikwa gramu 80, maana yake mita moja ya mraba ya ile karatasi ina uzito huo. Basi shika karatasi ya kopi kwa mkono mmoja na ya kitabu kwa mkono wa pili. Ikiwa ya kitabu ni nyepesi kuliko ya kopi, kitabu hicho hakimalizi hata jioni moja. Ukipata inayokaribia manila, chukua.

MWALIMU: Na upande mmoja tu uwe umechapwa.

BABA JABU: Hapo wateja hunigombeza! "Mbona nyuma peupe, mnatuibia kurasa?" Kumbe pale peupe ndipo pazuri. Rangi ikipenya haiharibu kitu, na mtoto akitaka kuchorachora mambo yake anayo nafasi.

MWALIMU: Pale peupe mimi napapenda kuliko hata picha. Na pini je?

BABA JABU: Pini za stepla katikati ya kitabu, kwa mtoto ambaye kila kitu anapeleka mdomoni, mimi sizipendi. Akichana ukurasa wa katikati, pini inabaki wazi. Vya gundi navyo vina lake, kitabu hakilali, kinajifunga chenyewe huku mtoto anachora, anakasirika anakitupa. Kizuri ni cha waya wa kuzunguka au kile chenye vitobo pembeni, unachana ukurasa mmoja unampa. Nikiwa navyo. Mara nyingi mzigo wa kutoka Dar unakuja na vya stepla, siwadanganyi. Kwa hivyo pini unazitoa mwenyewe nyumbani, unampa karatasi moja moja, unaibandika mezani au sakafuni kwa selotepu pembe zote nne.

MWALIMU: Hilo la selotepu lisisitizwe. Mkono wake wa pili bado haujajua kazi ya kushikilia karatasi. Isipobandikwa, karatasi inamfuata mkono, yeye anaifuata karatasi, mnakutana uani.

BABA JABU: Twende kwenye picha zenyewe. Mimi nina vitabu vina mtu wa theluji.

MWALIMU: Huyo mtu wa theluji ananikera. Siyo kwamba ni dhambi kumjua, atamjua akikua. Lakini wa mwaka na nusu yuko kwenye kukusanya majina ya vitu. Anaweka kidole, "Hii?" Unamjibu, anaweka tena, "Hii?" Ukurasa mzuri ni ule ambao mama, bibi, dada wa kazi, yeyote aliye karibu, ana jibu na ana la kuongeza. Mgebuka, samaki wetu wa ziwani. "Huyu mgebuka, jana tulimla, baba alimnunua Kibirizi." Mtumbwi, ndizi, mchikichi, treni. Treni mtoto wa Kigoma anaijua hata kwa honi tu. Lakini mtu wa theluji? "Huyu... ni mtu." Mazungumzo yameisha.

BABA JABU: Na sokwe.

MWALIMU: Usinianzishe na sokwe! Kuna kitabu mzazi alileta darasani, nitakiacha bila jina. Chini ya picha pameandikwa sokwe, mnyama amechorwa na mkia mrefu umejikunja juu ya tawi. Sokwe ana mkia wapi? Sisi tuna Gombe hapo, hifadhi ya sokwe, mtumbwi tu wa kaskazini unakufikisha. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kafika pale mwaka 1960, dunia nzima inawajua sokwe wetu, halafu mtoto wa Kigoma anafundishwa tumbili kwamba ni sokwe.

BABA JABU: (anacheka sana) Mwalimu umekunja ngumi kabisa. Je, nikichapisha mwenyewe kitabu cha kwetu? Ukurasa wa kwanza Liemba.

MWALIMU: Liemba ndiyo meli yetu, ilishushwa majini mwaka 1915, lakini ina madirisha mangapi? Hapana. Kwa mkubwa sawa. Kwa mdogo chora boti moja, bendera moja, basi.

BABA JABU: Nimekuelewa. Tuje kwenye rangi, maana kitabu bila rangi ni daftari tu. Mimi nauza kreyoni nyembamba na nene. Wengi wananunua nyembamba, zinakuwa nyingi kwenye pakiti.

MWALIMU: Nene, na chache. Nne zinamtosha. Ukimwekea ishirini na nne anafanya kazi ya kuzimwaga. Nyembamba inakatika kwenye ngumi. Na hapa pana kitu wazazi wanatupa bila sababu: kipande kifupi cha kreyoni nene kinamlazimisha mtoto kushika kwa vidole, maana ngumi haipati pa kukamata. Walimu tunavipenda vile vipande.

BABA JABU: Lakini vipande si ndivyo vinavyomezwa?

MWALIMU: Ndiyo, kwa hiyo ni kwa mtoto uliyekaa naye macho kwa macho, na aliyevuka ile hatua ya kula kila kitu. Chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopita ndani ya kile kiboksi cha duara cha katikati ya karatasi ya chooni, usimwachie peke yake.

BABA JABU: Niongeze la vifuniko. Makapeni na peni nyingi zina tundu juu ya kifuniko. Watu wanadhani ni urembo. Lile limewekwa ili mtoto akikimeza kikakwama, hewa ipite angalau. Kwa hiyo mtengenezaji mwenyewe anajua vinamezwa. Makapeni yasubiri. Na kwenye boksi la rangi tafuta maandishi kwamba hazina sumu. Za kutoka Ulaya utaona EN 71, ndicho kiwango chao cha usalama wa vitu vya kuchezea. Boksi lisilo na maandishi yoyote, wala jina la kiwanda, liache hata kama mimi ndiye ninayekuuzia. Na zisiachwe juani dirishani, ile ni nta, zitayeyukia kwenye pazia.

MWALIMU: Sasa Baba Jabu, nikuharibie biashara kidogo. Kitabu chenyewe ni lazima?

BABA JABU: Nilijua tutafika hapa.

MWALIMU: Mpe boksi la sabuni lililopasuliwa, mpe nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Mtoto wa mwaka na nusu hapaki rangi picha, anafurahia alama kutokea pale alipopita. Picha ya mtu mwingine haimhusu bado.

BABA JABU: Mwalimu, hapo nakataa, na siyo kwa ajili ya duka. Wa kwangu anakipenda kwa sababu ni kitabu. Anafunua, ananiletea, anakaa mapajani. Boksi la sabuni halinileti mimi kwenye mkeka.

MWALIMU: Basi kipate, kwa ajili ya mapaja hayo. Ila boksi nalo liwepo.

BABA JABU: Liwepo. Kuna msikilizaji ametuma ujumbe anauliza habari ya programu za kupaka rangi kwenye simu.

MWALIMU: Simu haina cha kushika wala cha kubonyeza kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja skrini haishauriwi, kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Tupite.

BABA JABU: Mwingine, yuko Uvinza, anasema vitabu huko havipatikani, achapishe picha za mtandaoni?

MWALIMU: Hilo ni lako.

BABA JABU: Achapishe, ila aulize printa ni ya aina gani. Ya wino wa maji, mate ya mtoto yakigusa picha inachuruzika, mdomo unakuwa mweusi. Ya unga, inayochoma kwa moto, haichuruziki. Au achore mwenyewe kwa makapeni nene, chungwa, kikombe, samaki, kisha apige kopi moja moja kwenye karatasi ngumu. Kurasa sita zinatosha. Atoboe pembeni, apitishe uzi. La mwisho, Mwalimu, mama mmoja wa Mwanga: mtoto kaacha kitabu, kachora ukuta wa sebuleni.

MWALIMU: Kreyoni?

BABA JABU: Kreyoni nyekundu.

MWALIMU: Kitambaa chenye unyevu, soda ya kuokea kidogo, asugue taratibu, ajaribu kwanza kwenye ukuta wa nyuma ya kochi. Ukuta ni wa rangi ya mafuta au chokaa?

BABA JABU: Anasema chokaa.

MWALIMU: Basi asihangaike na soda. Anunue chokaa.