Baridi Haiui, Inalaza Tu

Mugonile, mama zangu. Na mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Asanteni kwa chai, maana kazi yangu ni ya mikono na asubuhi ya leo mikono ilikuwa imegoma.

Nimeitwa kuongea juu ya kutunza mashine za aiskrimu za nyumbani kwa sababu wengi wenu mnajiandaa na Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale. Kaka mmoja hapo mlangoni ameniuliza, hivi fundi, nani anakula aiskrimu Mbeya mwezi wa saba? Nikamwambia, mtoto. Mtoto akiiona hana habari na baridi, na akianza kulia sokoni, mama atatoa hela.

Mimi si mpishi. Parachichi la Rungwe na kakao ya Kyela mnajua wenyewe mtavichanganyaje. Mimi ni fundi wa friji, mashine naijua kwa kuigeuza juu chini. Hii hapa mezani ililetwa kwangu kwa maelezo ya neno moja: haizunguki. Ni aina ya kompresa, inajigandishia yenyewe, ina ndoo ya alumini inayotoka. Mota nimeipima, nzima. Gia, nzima. Sasa nimeitoa ndoo, aliye karibu achungulie humo ndani, pale shafti inapochomoza. Mmeona? Huo ni ukoko. Ukoko wa maziwa, tabaka juu ya tabaka, umekauka mpaka rangi ya ugoro. Kila alipomimina, matone machache yaliruka yakaingia chini ya ndoo, na hakuna aliyewahi kuitoa ndoo akafuta chini yake. Nilipokwangua na bisibisi, harufu iliyotoka, mke wangu alinihamishia uani mimi na mashine yangu.

Mwenyewe nilipomwonyesha akaniambia, lakini fundi, mle ndani ni barafu tupu, vijidudu vitaishije?

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Sisi watu wa nyanda za juu tunaiamini sana baridi. Nyama inakaa, maziwa yanachelewa kuchacha, basi tunadhani baridi ni dawa. Baridi haiui, inalaza tu. Vijidudu vingi vikigandishwa vinalala, vikipata joto vinaamka na kuendelea pale vilipoachia. Na yuko mmoja anaitwa Listeria, huyo hata kulala halali vizuri: kwenye friji ya kawaida, nyuzi 4, anaendelea kuongezeka polepole. Mwaka 2015 huko Marekani watu waliugua na wengine wakafa kwa aiskrimu ya kiwandani iliyokuwa na huyo huyo. Kiwandani, penye wataalamu na maabara. Kwa mama mjamzito anaweza kuharibu mimba. Kwa hiyo unapomuuzia mwenzio kikombe cha aiskrimu, usitegemee friza ikusafishie vyombo.

Sasa kuosha. Wengi mnaanza vibaya, na mnaanza vibaya kwa nia njema. Mnachukua maji ya moto moja kwa moja. Maziwa yana protini, kama yai. Yai ukilitia kwenye sufuria ya moto linafanyaje? Linashika. Maji ya moto yanayapika yale mabaki ya maziwa juu ya chombo, yanakuwa utando ambao huuoni ila vidole vinausikia, unateleza kidogo. Anza na maji ya kawaida, si ya barafu wala ya moto, mpaka weupe wote uondoke. Ndipo yaje maji ya uvuguvugu mzuri na sabuni, kwa sababu mafuta ya maziwa hayatoki kwa maji baridi. Kisha suuza. Utando ukiwa umeshajijenga, paka siki au ndimu, uiache dakika chache, usugue kwa sponji, usuuze.

Stilwaya hapana. Kisu hapana. Hata kijiko cha chuma hapana, choteni kwa mwiko wa mti au wa plastiki. Mkwaruzo mmoja kwenye bakuli ni mfereji, na uchafu unapenda mifereji.

Magadi? Nimekusikia mama. Magadi yanaondoa mafuta kweli, lakini alumini inayachukia, itakuwa nyeusi na kufubaa. Tumia kwenye masufuria yako ya chuma cha pua, hapa usitumie. Jiki nayo inakula alumini. Kwa vyombo vya plastiki na mifuniko inafaa: kijiko kimoja cha chakula kwenye lita nne za maji, baada ya kuosha na sabuni, kisha uache vikauke. Na narudia kwa sauti: jiki na siki visikutane kwenye beseni moja. Inatoka gesi ya klorini, utakohoa hadi majirani waje.

Wenye mashine ile nyingine, ya bakuli la kugandisha kwanza kwenye friza, ninyi mna adabu zenu. Lile bakuli lina kuta mbili na kati yake kuna kimiminika. Likitoka kwenye kazi bado limeganda, usilimwagie maji ya moto, linaweza kupasuka. Liache mezani lipoe ubaridi wake, nusu saa au zaidi, halafu osha. Lakini nikisema liache sijasema lilale hapo hadi kesho! Likipasuka na kile kimiminika kikaanza kutoka, tupa. Usilete kwangu nilizibe na gundi, hicho ni chombo cha chakula.

Na kukausha ndiko nusu ya kuosha. Bakuli likiingia friza likiwa na maji, yale maji yanakuwa barafu ukutani, pala likija kuzunguka linagonga barafu, na gia za mashine hizi nyingi ni za plastiki. Krr, krr, krr, meno yameisha. Kuna raba ya mfuniko pia: itoe kwenye mfereji wake, ioshe, ikauke peke yake. Msimu wa mvua, hasa ninyi wa Tukuyu ambako nguo inakaa kambani siku tatu, mashine isifungwe mfuniko ikiwa stoo. Iache wazi, uifunike kitambaa kisafi. Ukungu unapenda giza na unyevu.

Sehemu yenye mota haizamishwi majini. Hili nimeliona zaidi ya mara moja, mtu kaizamisha yote kwenye beseni kama kikapu cha ndizi. Kitambaa chenye unyevu, basi.

Umeme ukikatika nao ukarudi papo hapo, wenye kompresa zimeni swichi, msubiri dakika tano. Ikilazimishwa kuwaka wakati msukumo wa gesi ndani haujatulia, inahangaika kuanza na inaweza kuungua. Na ukiisafirisha kutoka Makambako imelala ubavu kwenye buti, isimamishe ikae saa kadhaa, bora hadi kesho yake, ndipo uiwashe. Oili ya kompresa imehama, iache irudi nyumbani.

Dada wa nyuma anauliza kwa nini ya kwake inazunguka nusu saa na mchanganyiko unabaki uji. Dada, bakuli ulilitia friza lini? Jana usiku, umesema. Na humo friza kuna nini? Kuku, samaki wa Kyela, na barafu za watoto, na watoto wanafungua kila dakika. Basi friza yako haifiki nyuzi 18 chini ya sifuri. Lipe bakuli saa 24, liweke nyuma kabisa, na mchanganyiko wenyewe ulale friji kwanza, usiumimine una joto. Mashine iwashe kabla ya kumimina, ukimimina imesimama unaganda ukutani na pala linakwama.

Kipimo ni rahisi. Litikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, bado. Nimeona mmekuja na mabakuli kwenye mabegi, yaleteni hapa mbele moja moja tuyatikise.