Escudo Inavuja Oili? Anzia Juu

RAYA: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu, mlioko Unguja, mlioko Pemba na mlioko safarini. Mimi Raya, niko na kaka Maulid. Leo tunazungumzia oili. Gari imelala uwani, asubuhi unakuta doa jeusi chini, unamwita fundi, naye hata boneti hajafungua anakwambia: "Oilsili ya nyuma hiyo, giaboksi lazima ishuke." Yaani ule mpira unaozuia oili nyuma ya injini, pale inapokutana na giaboksi.

MAULID: Waalaykum salaam. Maneno hayo, Raya, yamewatoa watu pesa nyingi hapa mjini, na yananiuma. Hizi Suzuki Escudo za zamani, zile za injini iitwayo G16, mara nyingi tatizo liko juu. Oili inateremka taratibu mpaka pale injini inapoungana na giaboksi. Mtu akichungulia chini anaona pamelowa, basi keshahukumu.

RAYA: Na kwa nini inakimbilia nyuma?

MAULID: Kwanza gari ikitembea upepo unaisukuma. Pili, distributa ya injini ile, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, imekaa nyuma ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, upande wa dashibodi. Pale inapoingia kwenye hedi ina ringi ya mpira, nyembamba tu. Joto la miaka linaikausha, inakuwa ngumu kama plastiki, haibani tena. Oili inapenya hapo na kushuka kwa nyuma, huioni mpaka uinamie na tochi.

RAYA: Aliye nyumbani na spana zake chache aanzie wapi?

MAULID: Aoshe injini. Oili ya zamani ikishagandana na vumbi huwezi kujua ipi ya leo, ipi ya mwaka juzi. Injini iwe baridi kabisa, ondoa waya wa betri, funika distributa na altaneta kwa mifuko ya plastiki, sugua kwa brashi na sabuni ya injini, suuza kwa maji ya kopo. Yale maji ya presha ya kuoshea magari usiyaelekeze huko. Ikauke.

RAYA: Halafu ndiyo ile poda.

MAULID: Poda ya mtoto, hii ya dukani. Nyunyiza kidogo kwenye maungio: kuzunguka kava la tapeti, yaani mfuniko wa juu wa injini, chini ya distributa, karibu na filta ya oili. Mikanda na njia ya hewa usiziguse. Endesha kidogo mtaani, rudi, zima, ufungue boneti. Palipo pakavu poda imebaki nyeupe, panapovuja imegeuka kahawia. Fuata ule mstari kwenda juu mpaka mahali pa mwisho palipolowa. Ndipo hapo.

RAYA: Kwa gari ya baba mstari ulianzia kona ya nyuma ya kava la tapeti. Nilipoivuta gasketi, ule mpira unaoziba chini ya kava, ilikatika mkononi. Mpira mgumu, umebaki na umbo la mfereji wake, hata ukiukunja haukunjiki.

MAULID: Hiyo ilishamaliza kazi yake. Na kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Unatia alama nyaya za plagi zisichanganyike, unafungua nati, unanyanyua kava. Likigoma, ligonge pembeni kwa nyundo ya mpira. Bisibisi usiichomeke kwenye maungio, maana hedi ni alumini, ukiikwaruza umefungua mlango mwengine wa kuvujia. Safisha pande zote mbili kwa kitambaa na brekiklina mpaka kitambaa kitoke kikavu.

RAYA: Na silikoni? Kila gereji utaiona, ile nyekundu.

MAULID: Hapa niseme wazi. Mtu anaizungusha kava zima, nene, anaona amefanya la maana. Inayobanwa kwenda ndani inakatika vipande, inaangukia sampu, lile beseni la oili chini ya injini, inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Umezuia matone, umeua injini. Silikoni ni tone dogo kwenye pembe tu, pale kitabu cha gari kinaposema. Gasketi mpya ya mpira inajitosheleza.

RAYA: Na kukaza je?

MAULID: Kidogo kidogo, kutoka katikati kwenda nje, kwa zamu. Nati za kava kwa kawaida zinataka kama nyutoni mita 10, hiyo ni nguvu ya kiganja. Wenye kutumia bega ndio wanaopinda kava na kuua nyuzi za bolti.

RAYA: Tuje kwenye distributa, watu wanaiogopa.

MAULID: Wana haki, kwa sababu ndiyo inayoshika taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Kabla ya kulegeza bolti, chora mstari unaokata distributa na hedi, rangi ya kucha inatosha sana. Fungua kifuniko, piga picha rota, kile kipande kinachozunguka ndani, inaelekea wapi. Sasa legeza, vuta moja kwa moja. Ringi ya zamani chukua uende nayo dukani Darajani, ilinganishwe unene na upana, usiseme tu "nipe ya Escudo". Mpya ipake oili safi, irudishe distributa, rota iangalie kule kule, mistari ikutane. Baadaye mpelekee fundi mwenye taa ya taimingi aihakikishe.

RAYA: Kuna watu wamebadilisha gasketi zote, na bado inatona.

MAULID: Waangalie pumzi ya injini, ile vali ya PCV na mpira wake. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili popote penye udhaifu. Ichomoe uitikise. Isipolia, ioshe au nunua nyengine.

RAYA: Na wanaoingia chini kuangalia sampu?

MAULID: Wasiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Kwetu ardhi ni mchanga, jeki inazama, weka ubao mpana chini yake na gari ikae juu ya stendi za chuma. Tofali na jiwe la matumbawe hupasuka bila taarifa.

RAYA: Oili chafu nayo, tafadhali, msimwage uwani. Maji tunayokunywa visiwani humu yanatoka chini, na chokaa hii inapitisha kila kitu. Kusanyeni kwenye dumu, ulizeni gereji itakayoipokea.

MAULID: Naam. Ukishamaliza, pima oili kwa kijiti, washa injini, hakikisha taa nyekundu ya oili imezimika. Siku za mwanzo matone machache yanaweza kuendelea kushuka, ni yale yaliyojificha kwenye pembe. Osha tena, tia poda tena.

RAYA: Na kama juu kote ni pakavu, lakini chini ya giaboksi bado panatona?

MAULID: Basi hapo kweli ni oilsili ya nyuma. Mpe fundi kazi, na kama ni gari ya klachi, sahani ya klachi ikaguliwe siku hiyo hiyo, maana giaboksi imeshashuka.