Kupanda kutoka NL10 kwenda NL25 na jinsi ya kuielewa variansi

Mambo vipi wanangu, karibuni. Leo tunapanda meza za poka ya mtandaoni, tunatoka NL10 tunaenda NL25 (NL ni no limit, dau halina kikomo), na tutaenda taratibu kwasababu hapa ndo watu wengi wanaunguza salio lote na unakuta mtu alikuwa anajua kucheza kabisa.

Hatua ya kwanza, fungua salio lako halafu hesabu viingilio, achana na dola kwanza. Kiingilio cha NL10 ni dola 10, cha NL25 ni dola 25, kwahiyo kama una dola 400 ulikuwa na viingilio 40, ukipanda leo unabaki na 16 tu. 16 ni kidogo mno jamani. Mi nasema subiri zifike 30, yaani dola 750, na iwe hela ya poka peke yake, kodi ya nyumba na ada ya mtoto zisisogee hapo.

Hatua ya pili, na hapa naomba utulie. Tuseme we ni mzuri, kila mikono 100, yaani karata zikigawiwa mara 100, unapata wastani wa blaindi kubwa 5 (blaindi kubwa ni lile dau la lazima, na kiingilio kimoja ni blaindi 100). Ukicheza mikono 10,000 unategemea 500, sawa? Sasa ile kuyumba, ndo variansi yenyewe, kwenye meza ya watu sita ni kama blaindi 90 kwa mikono 100, na ukifika mikono 10,000 inakuwa 900 (mikono ikiongezeka mara 100, kuyumba kunaongezeka mara 10 tu). Chukua 500 toa 900. Umeona? Unaweza ukacheza vizuri wiki kadhaa na ukawa chini blaindi 400, viingilio vinne vimeondoka na hamna kosa ulilofanya. Mkiwa kumi mnaocheza vizuri hivyohivyo, kama watatu hivi watakuwa hasi, na hao watatu ndo wanaoanza kusema saiti inaiba.

Usiku wangu wa kwanza NL25 nilishika ree mbili (zile A), jamaa ana kingi mbili, hela yote ikaingia kabla ya flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, halafu riva, karata ya mwisho, ikaja kingi. Ree zinashinda hapo kama mara 82 kati ya 100, hizo 18 zipo NL10 na zipo NL25, hazijali dau. Ila mkono uliofuata nikapata kwini mbili, mtu akareizi, yaani akapandisha dau, kawaida tu, nikazitupa! Kwenye NL10 nisingezitupa hata siku moja, nilishaanza kubadilisha ile dola 25 kuwa shilingi kichwani. Ukijikuta unafanya hivyo, maliza raundi, funga meza.

Hatua ya tatu, kaa meza moja tu, sio nne kama ulivyozoea, maana huku watu wanareizi tena juu ya reizi yako mara nyingi zaidi na unahitaji muda wa kuwasoma. Ukimaliza fungua PokerTracker, ile programu ya kurekodi mikono yako, uangalie ule mstari wa EV, yaani ulichostahili kupata bila bahati, ila kumbuka unarekebisha zile olini tu, pale hela yote imeingia, seti yako (karata tatu zinazofanana) ikipigwa na seti kubwa mapema na hela ikaingia pale, mstari haukuhurumii.

Hatua ya mwisho, jipe viingilio vitano vya kujaribu. Vikiisha, kwenye zile 750 unabaki na dola 625, na kwa NL10 hivyo ni viingilio 62, upo vizuri sana. Rudi lobi usiku huohuo, chagua NL10, kaa.