Kigeugeu na Ndumilakuwili

Assalamu alaykum wazee wangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma. Njooni mbele, nafasi ipo.

Msimu wa kampeni hapa Mombasa, neno kigeugeu halitoki midomoni. Kila anayehama chama ni kigeugeu. Hata mama muuza nazi pale Marikiti, akijifunga leso ya chama hiki leo na ya chama kile kesho, kigeugeu! Mimi simwiti hivyo. Leso kapewa bure, yeye anapangusia mikono juu ya sura ya mheshimiwa, kisha anaendelea kukuna. Hakumwahidi mtu kitu.

Kigeugeu ni yule aliyeahidi, akageuka, na kesho atageuka tena. Geu limerudiwa si bure. Kugeuka mara moja hakutoshi. Ndiyo maana namtetea Ronald Ngala, mwanasiasa wetu wa Pwani, japo najua humu mna watakaonuna. Aliongoza chama cha KADU kudai majimbo, yaani kila eneo lijiendeshee mambo yake. Novemba 1964 akatangaza Bungeni kuwa wanaivunja, akaingia KANU, chama tawala, na wenzake. Walioamini majimbo huku Pwani iliwauma, na wana haki. Lakini alihama mara moja, mchana kweupe, akabaki huko hadi alipofariki 1972. Iteni kushindwa, iteni kutafuta cheo. Ugeugeu sio.

Ndumilakuwili ni mwingine kabisa, kwani huyo hata hahami. Jina ni la nyoka anayesemwa ana kichwa kila upande, auma huku na kule. Mchana yuko jukwaani na mgombea wenu, usiku yuko kwa mpinzani anapokea bahasha na kueleza mliyopanga.

Sasa tazameni sheria inamkamata nani. Mwaka 1966, Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU kwenda KPU, chama kipya cha upinzani, Katiba ilibadilishwa upesi: mbunge akihama chama kilichompa kiti, arudi kwa wapiga kura. Waliomiminika KANU miaka miwili nyuma hawakuguswa, lakini hayo tuyaache. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 nacho kinamwondoa anayejiuzulu chama chake. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 ikaongeza: ukikipigia debe chama kingine hadharani, waweza kuhesabiwa umejitoa.

Hadharani, lakini. Kwa hiyo aliyeaga na kuondoka anapoteza kiti, na yule wa bahasha anaendelea kuketi mstari wa mbele, tena ndiye anayepiga makofi zaidi.

Yule mzee wa kofia ya vito ameinua mkono tangu nimtaje Ngala. Karibu, mzee wangu. Nuna, ila kwa ufupi.