Chokaa Juu ya Chokaa: Maneno kwa Walimu Wanafunzi wa Kilimo

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote. Nimeambiwa wengi wenu muhula ujao mnakwenda tipii, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, na kwamba nieleze jinsi mazoezi hayo yanavyomkuza mtu. Mimi hadithi ya kukua kwangu siwezi kuisimulia bila aibu ndani yake, kwa hiyo tuanze na hiyo aibu.

Mimi ni mtu wa bara. Nimekulia kwenye udongo mwekundu, ule ukinyesha unaganda kwenye jembe mpaka uukwangue kwa kijiti. Kilimo nimekisomea huko huko. Tipii nikapangiwa huku Mombasa, shule moja ng'ambo ya daraja la Nyali, si mbali na Bamburi. Wiki ya pili nikaingia kidato cha pili kufundisha rutuba ya udongo. Andalio la somo lilikuwa safi, nililiandika mara mbili. Nikaandika ubaoni: udongo wenye asidi hutiwa chokaa. Nikaeleza, nikachora, nikamaliza kwa kuwaambia kesho tutatia chokaa kwenye bustani ya shule.

Kijana wa dawati la mwisho akainua mkono. "Mwalimu, tutie chokaa juu ya chokaa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikadhani nimechezewa shere, nikamwambia akae chini. Hilo la kumkalisha ndilo linaloniuma mpaka leo. La chokaa nimeshalisamehe.

Mapumziko yalipofika akanifuata na jiwe mkononi, jeupe, lenye vitundu. Akasema babu yake alikuwa akichoma mawe kama hayo kupata chokaa ya kujengea. "Na shule yetu imekaa juu yake, mwalimu." Nikaenda jikoni nikaomba siki kwa mama mpishi, nikalimwagia lile jiwe. Likatoka povu, chwiii, kama soda.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana elimu. Ukanda huu wa ufuoni umelala juu ya matumbawe ya kale, na matumbawe ni kalisi kaboneti, ndugu wa chokaa. Udongo uliokaa juu yake mara nyingi si wa asidi hata kidogo, umeelekea upande wa pili, alkali. Kwenye udongo wa namna hiyo madini ya chuma yanakuwepo, lakini yanafungika, mmea hauwezi kuyanyonya. Majani yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Ukiongeza chokaa hapo, unazidi kumfunga mgonjwa kamba.

Na miche yangu ilikuwa na manjano hayo hayo! Nilikuwa nikipita kila asubuhi, nasema moyoni, hii ni njaa ya nitrojeni. Wakati kwenye mtihani wa chuo niliandika, nikapewa maksi zote, kwamba nitrojeni ikipungua huanza kuonekana kwenye majani ya chini, yaliyokomaa, na chuma ikipungua huanza juu, kwenye machanga. Nililijua hilo kwa kalamu. Kwa macho sikulijua. Bustanini nilikuwa nimesimama mbele ya jibu langu mwenyewe na sikulitambua.

Kesho yake nikawaambia wanafunzi: nililowafundisha jana ni kweli, ila si kweli hapa tuliposimama. Nikamwita yule kijana mbele, nikampa chupa ya siki. Sijapata kuona darasa limetulia vile. Mwalimu mlezi wangu, aliyekuwa amekaa nyuma, baadaye alinionya eti nisikiri makosa mbele ya watoto, nitapoteza heshima. Nilimheshimu sana, lakini kwa hilo sikubaliani naye hata leo. Tangu siku ile walianza kuniletea vitu: jani lililoliwa, mdudu ndani ya kibiriti, swali la mama yao kuhusu mnazi unaodondosha vidaka.

Kuna la maharage pia, nitalipitia haraka. Niliyapanda kwa mstari, nikayamwagilia maji ya kisima cha shule. Kingo za majani zikaungua, yakafa. Mzee aliyekuwa akitunza shamba alinitazama siku nyingi, mpaka siku moja akaniuliza, "Mwalimu, hayo maji umeyaonja?" Nikayaonja. Chumvi. Tena maharage ni katika mimea isiyostahimili chumvi kabisa. "Basi mbona hukuniambia, mzee?" Akacheka. "Hukuniuliza, baba." Yeye alikuwa amepanda mchicha kando ya kisima hicho hicho, umenawiri.

Mkipata nafasi, wapelekeni wanafunzi Haller Park, ile hifadhi ya miti na wanyama kule Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya saruji, mwamba mtupu wa matumbawe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji, alianza kujaribu miti humo, aina 26, na zilizostahimili ni 3 tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Hata mvinje, majani yake yalianguka yakalala tu hayaozi, mpaka walipoletwa majongoo wakayatafuna yakawa mboji. Mimi napenda sana habari ya zile aina 23 zilizokufa. Haizungumzwi, na ndiyo somo lenyewe la kilimo.

Mtathmini wangu kutoka chuoni alikuja wiki ile maharage yamekauka, na kibao chenye jina langu bado kimesimama pale. Nilitamani ning'oe kibao nikifiche. Akauliza, "Hiki ni nini?" Kabla sijafungua mdomo, binti mmoja akamjibu habari ya kisima, mwingine akadakia ya chuma, yule wa dawati la mwisho akakimbilia jiwe lake. Wakamshika robo saa nzima juani, na mimi sikusema neno. Maksi alizonipa zilikuwa za kawaida tu, msidhani ni hadithi ya namna ile. Aliandika kwamba vitanda vyangu vya kupandia havikunyooka, na kweli havikunyooka.

Jiwe lenyewe ninalo, hili hapa mezani, na siki nimeinunua dukani hapo nje. Mmoja wenu aje mbele amwage. Taratibu, mwanangu, shati langu jeupe.